Kuagiza Mahitaji kwa Simu: Hesabu za Majiko Mawili Kigoma

Walimu wenzangu hunitania kwamba mimi siendi sokoni, soko ndilo linalonijia. Utani ukishaisha, hachelewi mmoja kunifuata pembeni: "Hivi kweli inalipa?" Mimi huuliza kwanza anataka kuagiza nini, na atakayemchagulia ni nani. Anayeagiza sukari na anayeagiza dagaa wabichi hawafanyi jambo moja, hata kama pikipiki inayowaletea ni ile ile.

Naishi Gungu, nafundisha shule ya msingi, na mume wangu kazi yake inamweka Uvinza kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Mama yangu mzazi yuko Ujiji na magoti yamemgomea. Kwa hiyo nina majiko mawili ya kuangalia, na siku za kazi natoka shuleni jua limeshaelekea milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Ukifika soko la Mwanga muda huo, nyanya zilizobaki ni zile ambazo watu tangu asubuhi wamezishika wakazirudisha.

Tuanze na nauli, maana ndiyo wengi wanayoikimbilia. Boda kutoka kwangu hadi Mwanga ni 1,000, kurudi ni 1,000 nyingine, na ukiwa na kiroba cha mchele dereva anaanza kuguna mpaka uongeze. Daladala ni nafuu, lakini inakushusha barabarani na mzigo wako, na kutoka barabarani mpaka kwangu ni kupanda. Kuletewa nalipa 1,500, mvua ikinyesha 2,000. Ukizipiga hesabu hizo utaona nauli inakaribiana tu, uende usiende. Huwa nacheka nikimsikia mtu anakataa kuletewa kwa sababu ya "hela ya boda", halafu anakwenda mwenyewe kwa boda hiyo hiyo.

Tena sokoni kuna vishawishi. Umetoka kufuata vitunguu, unapita kwenye mitumba, unaitwa "dada, njoo uone, leo nafungua belo", unarudi na gauni la mtoto na vitunguu umevisahau. Kwenye simu hakuna belo. Nilipoanza kuagiza, hela iliyobaki mwisho wa mwezi ilitoka hapo, wala haikutoka kwenye nauli.

Hela inapopotelea ni kwenye fungu. Fungu la nyanya halina mzani. Sokoni unaliona limepangwa, nzuri zimekaa juu kama maharusi, na wewe mkono unaupeleka chini kuangalia zilizokaliwa. Ukikuta iliyolegea unaitoa, mama anakubadilishia, unaomba nyongeza, anakutupia moja na pilipili mbili juu yake, mnaagana. Yote hayo hufanyika bila mtu kuandika bei mahali popote. Ukiagiza kwa simu, fungu ni lile alilolipanga yeye, bei ni ile aliyoitaja yeye, na nyongeza inabaki sokoni. Kwa mboga na matunda peke yake, nikilinganisha na siku ninazokwenda mwenyewe, naona nalipa zaidi au napata pungufu. Sio wizi. Ndivyo inavyokuwa mnunuzi asipokuwepo.

Sasa dagaa. Hapa nitakaa kidogo, maana mtu wa Kigoma asipozungumzia dagaa atakuwa ameandika habari za mji mwingine.

Wavuvi wetu hutoka jioni, wanavua usiku kwa taa, wanarudi alfajiri Kibirizi na Katonga. Dagaa huifuata taa. Kwa hiyo usiku wa giza ndio usiku wa kazi, na mbalamwezi ikishika ziwa zima linakuwa jeupe, taa inakosa nguvu, wengi wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Mtoto yeyote aliyekulia mwaloni anajua hili. Ajabu ni kwamba kwenye simu tunalisahau. Muuzaji anaweka picha alfajiri, ndoo imejaa fedha tupu, ameandika "Wabichi wa leo, wahi." Picha haina harufu, na inaweza kuwa ya mwezi uliopita. Mimi kabla ya kujibu naangalia kalenda ya ukutani, zile zenye alama za mwezi. Ikiwa ni katikati ya mbalamwezi na mtu ananiambia dagaa wabichi wamejaa tele na bei iko chini, namuuliza wametoka wapi. Mwenye majibu atajibu. Mwingine atakutumia picha ya pili.

Dada wa Mwanga ninayemwagiza mpaka leo nilimwamini kwa sababu alikataa kuniuzia. Nilimpigia nikitaka dagaa, akaniambia: "Mwalimu, wiki hii sina. Waliopo ni wa jana, na mwezi umekaa vibaya. Kula maharage." Muuzaji mwingine angeniletea wale wa jana na mimi ningewakaanga nikanyamaza. Yeye aliona ni afadhali apoteze mauzo ya siku moja.

Namna ya kuwapokea mlangoni ni hii. Mfuko ufunguliwe boda akiwa bado amesimama, injini imezimwa. Dagaa mzuri jicho lake linang'aa, tumbo limefungika, mwili ukiuminya hauvunjiki. Waliokaa juani matumbo yamepasuka, na chini ya mfuko kuna maji mekundu yenye mapovu. Samaki wakubwa zaidi kama migebuka unafunua shavu: matamvua yawe mekundu, yakishageuka kahawia usibishane, rudisha. Boda wengine hawapendi kusubirishwa. Basi asubiri kwa shilingi mia mbili, si neno, kuliko kubaki na beseni la samaki ambao paka wa jirani ndiye atakayefurahi.

Dagaa wakavu wana mtihani wao mwingine, nao ni mchanga. Waliokaushwa juu ya chanja ni safi, wanameremeta. Waliomwagwa chini ufukweni wanabeba mchanga ambao hata uwaoshe maji saba unausikia kwenye meno. Sokoni nachota kiganjani, natikisa, naangalia kilichobaki kwenye mistari ya mkono. Halafu natafuna mmoja. Hakuna simu yenye meno.

Mwaka 2024, upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Miezi hiyo mitatu ilinifundisha kuhusu wauzaji wa kwenye simu kuliko muda wote uliotangulia. Dagaa wakavu walipanda bei, na hilo kila mtu alilitegemea. Ila mmoja aliniletea mchanganyiko: juu wa kwetu, chini dagaa wa Ziwa Victoria. Watu wa Mwanza wanisamehe, dagaa wao wana wapenzi wao, lakini ladha ni nyingine na bei haipaswi kuwa moja. Nilipompigia aliniambia, "Mwalimu, si dagaa ni dagaa?" Namba yake bado ninayo, nimeihifadhi kwa jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Yule dada wa "kula maharage" kipindi hicho hicho aliniuzia maharage ya Kasulu na karanga, na akanitajia bei ya dagaa wa akiba wake bila kuficha kwamba imepanda karibu mara mbili. Sikununua. Nilimshukuru.

Unga wa muhogo nanunua mwenyewe, na sioni siku nitakayobadilika. Muhogo uliolowekwa ukaiva na kukauka kwa jua kali unatoa unga mweupe wenye harufu ya kawaida. Uliokaukia mawinguni una ukungu, na ukungu hauonekani ukishasagwa, unausikia puani tu, kisha kwenye ugali. Pua yangu siwezi kumpa boda.

Mawese vivyo hivyo, ingawa hapo nalegeza kidogo. Yakitulia hujigawa, chini yanaganda mazito ya rangi ya chungwa, juu yanabaki mepesi mekundu. Muuzaji anayekujua hukoroga dumu kabla ya kupima. Asiyekujua anakupimia kule anakotaka yaishe. Kwa hiyo naagiza kwa mtu mmoja, na namwambia kabisa: koroga.

Vitu vya pakiti sina maneno navyo mengi. Sukari, chumvi, sabuni ya unga, majani ya chai, mafuta ya kupikia ya chupa, viberiti, taulo za kike: agiza hata umelala. Kilo ni kilo, pakiti imefungwa kiwandani, bei ya duka la jumla unaijua. Hapa ndipo kuletewa kunapolipa bila mjadala, hasa ukiagiza ya mwezi mzima kwa mkupuo mmoja. Gesi nayo. Kuutoa mtungi wa kilo 15 nyumbani ukiwa mtupu na kuurudisha umejaa ni kazi ya mtu mwenye mgongo wa kutupa. Duka linaleta, linafunga, linaondoka na mtupu. Ninachodai ni mzani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ongeza 15, pima, ikipungua hauingii ndani. Mara ya kwanza kijana alinitazama kama askari wa barabarani. Siku hizi anakuja na mzani bila kuambiwa.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi wanaitumia bila kuiita kuagiza, nayo ni kumtuma boda akununulie. Unampa hela, anakwenda, anarudi. Ni rahisi, na ni hapo hapo unapowekewa cha juu. Nyanya za 2,000 zinakuja kwa 2,500, na yeye bado anadai nauli. Siwalaumu sana. Umemtuma kazi mbili, kuchagua na kubeba, ukamlipa moja, nyingine anajilipa mwenyewe. Kijana ninayemtumia nilimwambia wazi: nauli yako hii, na ya kunichagulia hii, 500, uniletee bei za kweli. Tangu hapo bei zimekuwa za kweli, au angalau zinafanana na za jirani.

Na tusijidanganye kwamba haya mambo ya kuletewa ni mageni kwetu. Mama zetu walikuwa wanaletewa. Wachuuzi walipita na beseni kichwani tangu alfajiri, "dagaa wabichiii", wanashusha mlangoni, unainama unaangalia, unachagua, unakopa ukitaka mpaka Jumamosi. Huduma ile ilikuwa na kitu ambacho ya simu haina: bidhaa ilifika kwanza, hela ikafuata. Siku hizi unaambiwa "tuma kwanza, mwalimu, na ya kutolea". Kwa nchi ambayo kila mwenye simu ameshawahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kutuma kwanza kwa mtu usiyemjua ni ujasiri. Mimi natuma nusu kwa ninayemfahamu, nyingine mzigo ukishafunguliwa. Na makato nayahesabu. Oda ndogo ndogo kila siku, kila moja na makato yake na boda yake, ndizo zinazokula hela kimya kimya.

Mtoto wa dada yangu anayesoma biashara aliwahi kunieleza kwa nini makampuni makubwa ya kuleta mahitaji nyumbani yanapata shida. Marekani kulikuwa na kampuni inaitwa Webvan, ilijenga maghala makubwa na kununua magari mengi kabla wateja hawajatosha, ikafilisika mwaka 2001. Hapa kwetu Jumia, ambayo iliuza kila kitu kwa mtandao, ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019. Yule dada wa Mwanga hana ghala. Anakusanya oda zetu usiku kwa WhatsApp, asubuhi anakwenda kununua vilivyoagizwa tu, saa nne mzigo uko kwenye kreti nyuma ya pikipiki. Kisichoagizwa hakimwozei. Na sisi majirani tumejifunza kumrahisishia: tunaagiza siku moja, boda anapita nyumba zetu zote kwa safari moja, nauli tunachangiana. Hapo kuletewa kunakuwa rahisi kuliko hata daladala. Kero pekee ni mifuko. Tangu ile ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila mzigo unakuja na mfuko mbadala wa kulipia, na nyuma ya mlango wangu kuna lundo ambalo lingetosha kufungua duka. Sasa namrudishia boda, anaijaza tena.

Nimeacha jiko la pili mpaka mwisho, kwa sababu kule hesabu ni nyingine kabisa.

Niliwahi kusoma kwamba mteja wa kwanza anayekumbukwa kwa kuagiza mahitaji ya nyumbani kwa njia ya kielektroniki alikuwa bibi wa miaka 72, Jane Snowball, wa Gateshead, Uingereza. Ilikuwa Mei 1984. Alitumia televisheni yake iliyounganishwa na laini ya simu, akabonyeza rimoti, duka la Tesco likamletea majarini, mayai na konfleksi. Halmashauri ya kwao ndiyo iliyouweka mpango huo kwa ajili ya wazee na watu wasioweza kutoka. Yaani tangu mwanzo jambo hili lilikuwa la mtu ambaye hana namna ya kwenda. Sisi wenye miguu tumeingia baadaye.

Mama yangu naye hana namna ya kwenda, ila hilo hakulikubali. Soko la Ujiji alilizoea kwa miaka. Alikuwa anatoka asubuhi, anarudi adhuhuri, na katika saa hizo zote kununua kwenyewe hakukuzidi robo saa. Zilizobaki ni salamu za Kiha, "mwakeye", kupiga makofi, nani kazaa, nani kalazwa, mjukuu wa nani kafaulu. Nilipoanza kumwagizia, mzigo ulifika mzuri, bei nzuri, na yeye akaupokea kama barua ya mahakama. "Nani kachagua nyanya hizi?" Nikamwambia dada mmoja wa Mwanga. "Anajua napika nini?" Sikuwa na jibu. Mboga ikipikwa anasema haina ladha, samaki ni mkubwa mno kwa mtu mmoja, ndizi zimewahi kuiva.

Kwa muda nilidhani ni ukaidi wa uzee. Kisha boda akaniambia, bila kukusudia, kwamba kila anapopeleka mzigo Ujiji anachelewa kwa sababu bibi anamkalisha, anampa maji, anamuuliza habari za sokoni: fulani yupo bado kwenye kona ya mchele? Yule wa ndizi amepona? Nikaelewa kwamba mboga nilikuwa nampelekea, habari nilikuwa namnyima.

Tulibadilisha mambo mawili. Moja, nauli ya Ujiji nikaiongeza kidogo, ili kijana asiwe na haraka pale. Pili, nikampa mama namba ya yule dada.

Simu ya kwanza nilikuwepo. "Shikamoo bibi," ikasikika. "Marahaba. Wewe ndiye unayeniletea nyanya za kuchekesha?" Upande wa pili kimya, kisha kicheko. Mama akaagiza samaki, kuhe mdogo, si mkubwa, mdogo, na matembele ya asubuhi, na nyanya ngumu kwa sababu anazila siku nne. Akauliza bei. Akasema hapana. Akataja yake. Wakavutana mpaka nikaona aibu, dada wa watu akashusha, halafu akaongeza ndimu mbili za bure ambazo mimi sijawahi kupewa hata siku moja.

Sasa wana utaratibu wao. Mama anapiga jioni, anaulizia ziwa limeamkaje, anauliza mwezi, anaagiza. Wakati mwingine haagizi chochote, wanaongea tu, na mwisho wa wiki dada ananitumia jumla kwa ujumbe mfupi: samaki, mboga, mkaa. Wiki iliyopita kulikuwa na kitu kipya kwenye orodha, kanga doti moja. Nilipiga kuuliza. Mama akaniambia yule dada alikuwa amefungua belo.